Cheche, Betri na Stata: Jinsi Umeme Ulivyoingia Katika Gari

Injini ya petroli haijiwashi yenyewe. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukishaingia katika silinda na kubanwa na pistoni, hubaki pale ukingoja moto, na moto huo sharti ufike kwa wakati wake. Ukiwahi, nguvu yake huipiga pistoni ikiwa bado inapanda; ukichelewa, joto jingi hupotelea katika bomba la moshi. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 kwa dakika hiyo moja. Haja hii ndiyo iliyoufikisha umeme katika gari. Betri ya kuchajiwa, taa, stata, jenereta na honi zilikuja kila moja kwa sababu yake na kwa wakati wake, na kwa robo karne ya kwanza ya historia ya magari hazikuwa na uhusiano wowote. Gari lingeweza kuwa na cheche ya umeme lakini likawashwa kwa mkono na kumulikwa kwa gesi.

Misingi ya mfumo huu ni mikongwe kuliko gari lenyewe. Mwaka 1859, mwanafizikia Mfaransa Gaston Planté alichukua karatasi mbili za risasi, akazitenganisha, akazikunja pamoja na kuzitumbukiza katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Akapata betri ya kwanza duniani iliyoweza kuchajiwa upya baada ya kuisha. Mwaka 1860, katika jiji la Paris, Étienne Lenoir, mzaliwa wa Ubelgiji, alipata hataza ya injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Cheche hiyo ilitoka katika koili ya aina iliyokuwa ikitengenezwa na Heinrich Ruhmkorff, fundi wa vyombo vya maabara. Kanuni yake haijabadilika hadi leo. Waya mnene huzungushwa juu ya chuma mara chache, na juu yake waya mwembamba huzungushwa mara maelfu. Umeme mdogo ukipita katika waya mnene, chuma huwa sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, sumaku hutoweka mara moja, na kutoweka huko huzaa katika waya mwembamba umeme wa volti maelfu, wenye nguvu ya kuruka hewani kama cheche. Siri yote imo katika kule kukata. Historia ya uwashaji wa injini kwa miaka mia na zaidi ni historia ya kutafuta njia bora ya kuukata umeme kwa wakati unaotakiwa.

Karl Benz wa Mannheim, aliyeandikisha hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, alichagua betri na koili. Aliliona suala la kuwasha injini kuwa gumu kuliko mengine yote, na hakukosea. Gari lake halikuwa na kitu cha kuichaji betri, hivyo kila safari iliimaliza kidogo kidogo. Waya nao ulikuwa dhaifu. Mkewe, Bertha Benz, alipolichukua gari mwezi Agosti 1888 pamoja na wanawe wawili, akasafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, waya wa cheche ulichubuka njiani ukawa unagusa chuma. Inasimuliwa kwamba alivua mkanda wa soksi yake akauzungushia waya huo ili usipoteze umeme. Hiyo ni miongoni mwa matengenezo ya kwanza ya umeme wa gari barabarani yanayokumbukwa, na aliyeyafanya alikuwa mwanamke.

Washindani wa Benz waliuogopa umeme. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitumia kijibomba kilichopashwa moto kwa nje na taa ndogo hadi kikawa chekundu. Mchanganyiko ulipobanwa ndani yake uliwaka. Njia hiyo ilikuwa rahisi, tena haikuhitaji betri. Lakini upepo mkali uliizima taa, mwali wa moto ulikaa karibu na petroli, na dereva hakuwa na namna ya kuwahisha au kuchelewesha mlipuko kulingana na mwendo. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 injini za kijibomba cha moto zilikuwa zimeanza kuachwa.

Suluhisho la muda lilitoka Stuttgart. Robert Bosch, aliyefungua karakana yake mwezi Novemba 1886, alitengeneza mwaka uliofuata magneto kwa ajili ya injini za viwandani. Magneto ni mashine ndogo inayozaa umeme wake yenyewe: injini huzungusha waya wa shaba mbele ya sumaku, au sumaku mbele ya waya, na kubadilika kwa nguvu ya sumaku ndani ya waya huzaa umeme bila msaada wa betri yoyote. Mwaka 1897 karakana ya Bosch ilifunga magneto katika gari la kwanza, baiskeli ya injini ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alimaliza kazi kwa kubuni magneto ya volti nyingi pamoja na plagi ya kurusha cheche ndani ya silinda. Kuanzia hapo dereva hakuwa tena na wasiwasi wa betri. Injini ilizunguka, magneto ikazunguka nayo, cheche ikapatikana.

Magneto za Bosch zilienea kiasi kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Uingereza iligundua kwamba karibu magneto zake zote, za magari na za ndege, zilikuwa zikiagizwa kutoka kwa adui. Ilibidi viwanda vyake vijifunze kuzitengeneza vita vikiwa vimeshaanza. Mara chache kifaa kidogo kiasi hicho kimelitia taifa kubwa katika mashaka kama hayo.

Upande wa pili wa Atlantiki, Henry Ford alificha magneto ndani ya flaiwili ya Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyopita milioni 15. Sumaku 16 zilizunguka mbele ya koili zisizosogea, na umeme wao ulipelekwa kwenye kisanduku cha mbao chenye koili nne za kutetemeka, moja kwa kila silinda. Ford hakuona haja ya betri. Hata taa kubwa za umeme zilipoanza kufungwa katika Model T mwaka 1915, zilipata umeme kutoka kwa magneto hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba mwanga ulifuata mwendo wa injini: gari likikimbia taa ziling'aa, likipunguza mwendo kwenye shimo au kona, pale hasa dereva alipotaka kuona, zilififia.

Kabla ya hapo usiku wa gari ulikuwa wa moto wa kweli. Taa za pembeni na ya nyuma zilikuwa za mafuta ya taa, na zile kubwa za mbele ziliwaka gesi ya asetilini. Gesi hiyo ilizaliwa ndani ya gari lenyewe, kwa kudondosha maji juu ya mabonge ya kabaidi katika kopo lililofungwa ubavuni. Mwanga wake ulikuwa mweupe na mkali, lakini dereva alipaswa kushuka, kufungua kioo na kuwasha kwa kiberiti, mvua inyeshe isinyeshe. Balbu za umeme zilikuwapo tayari, ila nyuzi zake zilikatika haraka kwa mtikisiko wa barabara. Nyuzi za tungsteni zilizoimarishwa mnamo mwaka 1910 ndizo zilizoiwezesha balbu kustahimili safari.

Hata hivyo, kero kubwa kuliko giza ilikuwa hendeli. Kuwasha injini kulimaanisha kusimama mbele ya gari, kuchomeka chuma cha kukunjwa katika krankishafti na kukizungusha kwa nguvu hadi cheche ya kwanza ishike. Dereva aliyesahau kuchelewesha cheche kabla ya kuzungusha aliadhibiwa papo hapo: mlipuko ulitangulia, injini ikarudi nyuma, na hendeli ikaugonga mkono au taya kwa nguvu ya injini nzima. Kuvunjika mfupa wa mkono karibu na kifundo kulikuwa jambo la kawaida hata madaktari wakalipa jeraha hilo jina la madereva. Walimu wa udereva walifundisha kushika hendeli bila kuizungushia kidole gumba, ili ikirudi iuteleze mkono badala ya kuuvunja.

Hendeli iliwagawa pia wateja. Wasio na nguvu za kuizungusha, au wasiotaka kuchafuka, walinunua magari ya betri, ambayo yaliondoka kwa kugeuza swichi. Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric. Kati ya magari yapatayo 4,200 yaliyotengenezwa Marekani mwaka 1900, ya petroli yalikuwa machache, chini ya yale ya mvuke na ya betri. Aliyetaka petroli ishinde alipaswa kwanza kuiondoa hendeli.

Majaribio ya kuiondoa yalianza mapema. Huko Uingereza mwaka 1896, mhandisi aliyeitwa Dowsing alifunga mota ya umeme katika gari la Arnold ili iizungushe injini. Wengine walijaribu hewa iliyobanwa, springi na hata gesi ya asetilini. Wataalamu wa umeme walipiga hesabu wakasema haiwezekani: mota yenye nguvu ya kuigeuza injini kubwa, pamoja na betri ya kuilisha, ingekuwa na uzito wa kulielemea gari.

Aliyeiona kasoro ya hesabu hiyo ni Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kabla ya kuingia katika magari alifanya kazi katika kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha za madukani, na huko alibuni mota ndogo ya kufungua droo ya fedha. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo vitabu vya mota havikulitilia mkazo. Mota inayofanya kazi saa nzima lazima iwe kubwa ili isiungue. Lakini mota inayofanya kazi kwa sekunde chache kisha ikapumzika inaweza kupewa umeme mwingi kupita kiasi chake bila kudhurika, kwa sababu haipati muda wa kupata joto. Kuwasha injini ni kazi ya sekunde chache. Basi mota ndogo ilitosha.

Mwaka 1909 Kettering na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco, na kazi yao ya kwanza kwa kampuni ya Cadillac ilikuwa mfumo bora wa cheche. Mkuu wa Cadillac, Henry Leland, alitaka hendeli iondoke kabisa. Stata ilijaribiwa mapema mwaka 1911 na kufungwa katika Cadillac za mwaka 1912. Mashine moja ilifanya kazi mbili. Dereva alipotaka kuwasha, ilipokea umeme wa betri kwa volti 24 na kuizungusha injini. Injini ilipowaka, mashine ileile ilizungushwa na injini, ikageuka jenereta na kuirudishia betri umeme wake, huku taa na cheche zikitumia volti 6. Klabu ya Magari ya Kifalme ya Uingereza ililipa gari hilo Kombe la Dewar.

Stata husifiwa sana kwa kuokoa mikono ya watu, na inastahili sifa hiyo. Lakini thamani yake kubwa katika historia ya ufundi iko kwingine. Stata ilihitaji betri kubwa. Betri kubwa ilihitaji kitu cha kuichaji gari likiwa safarini. Na gari lililokwisha kuwa na betri na jenereta halikuwa na sababu tena ya kubeba kabaidi, mafuta ya taa wala magneto. Vitu vilivyokuwa vikiishi mbalimbali vikafungwa katika mzunguko mmoja. Baada ya muda karibu kila gari la petroli lilikuja kufuata mpango huo: betri huiamsha injini, injini hulizungusha jenereta, jenereta huilisha betri na vingine vyote. Magari ya betri ya kizazi cha kwanza yalianza kupoteza wateja wake, na mota ndogo ya umeme ilikuwa miongoni mwa sababu.

Ulaya haikuwa nyuma sana. Mwaka 1913 Bosch ilitoa seti kamili ya mwanga iliyokuwa na jenereta, kidhibiti chaji, betri na taa kubwa. Kwa Waingereza jina lililotawala lilikuwa Lucas wa Birmingham, aliyeanza kwa kuuza taa za meli na za baiskeli katika karne ya 19, na ambaye vifaa vyake vilikuja kufungwa katika karibu kila gari la Kiingereza lililovuka bahari. Tatizo la kuyaunganisha meno ya stata na flaiwili, kisha kuyaachia injini ikishawaka ili isiirushe stata kwa kasi ya kuivunja, lilitatuliwa na Vincent Bendix: gia ndogo iliyopanda juu ya uzi wa skrubu, ikasogea mbele yenyewe mota ilipoanza na kurudi nyuma injini ilipoipita kasi. Mafundi wa Afrika Mashariki wangali wakiita kifaa hicho bendeksi.

Betri ikishakuwamo garini, magneto ikakosa kazi. Mfumo wa cheche aliouunda Kettering, wa betri, koili moja, platini, kondensa na distribyuta, ulichukua nafasi yake katika miaka ya 1920 na kubaki bila mabadiliko makubwa kwa nusu karne. Ndani ya distribyuta, kijiti chenye pembe huzungushwa kwa nusu ya kasi ya injini. Kila pembe inapopita husukuma platini, vipande viwili vya chuma vinavyogusana, vikaachana. Hapo umeme wa koili hukatika, na volti zipatazo 20,000 huzaliwa. Rota, kidole kinachozunguka juu ya kijiti hichohicho, huielekeza cheche kwenye plagi ya silinda ambayo zamu yake imefika. Kondensa hunywa umeme unaotaka kuruka kati ya platini zinapoachana, maana bila hiyo zingeungua siku chache tu.

Uzuri wa mfumo huo ulikuwa kwamba ulionekana kwa macho. Mafundi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliojifunza kazi kwenye Land Rover, Volkswagen na Peugeot 404 waliweza kuondoa kifuniko cha distribyuta kando ya barabara, kusugua platini kwa msasa, kupima mwanya wake kwa kipimo cha bapa chenye unene wa sehemu chache za milimita, na gari likaondoka. Ubaya wake ni kwamba platini zililika, mwanya ukabadilika, na maji yakiingia ndani cheche ilipotea njia. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani mkali wa jambo hili. Katika matope na mito ya msimu wa mvua, gari lililoshindwa kuikinga distribyuta yake lilisimama, hata kama injini yake ilikuwa bora kuliko zote.

Nyaya nazo zilipata utaratibu wake. Badala ya kupeleka waya mbili kwa kila taa, watengenezaji walitumia bodi ya chuma ya gari kama njia ya kurudishia umeme, kile ambacho mafundi hukiita athi. Waya mmoja ulitosha, na shaba ikaokolewa nusu. Lakini hawakukubaliana upande upi wa betri ufungwe kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza, yakiwamo Land Rover za kwanza za mwaka 1948, yalifunga upande chanya hadi miaka ya 1960, ilhali Wajerumani wengi na wengineo walifunga upande hasi. Redio na vifaa vyenye transista vilipoanza kufungwa, kukosea upande kulimaanisha kuviunguza mara moja. Hatimaye upande hasi ukawa kanuni ya wote.

Volti pia zilipanda. Volti 6 zilitosha injini ndogo na taa mbili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, injini kubwa za Marekani zenye mgandamizo mkali zilizishinda stata za volti 6, na kuanzia mwaka 1953 kampuni za Kimarekani zilianza kuhamia volti 12. Kabla ya mwongo huo kwisha, volti 6 zilikuwa zimetoweka katika magari mapya ya huko. Volkswagen ya kobe ilichelewa hadi nusu ya pili ya miaka ya 1960. Faida ya volti 12 ni ya hesabu tu: nguvu ileile hupatikana kwa nusu ya mkondo, kwa hiyo waya unaweza kuwa mwembamba na upotevu ukapungua. Malori mengi makubwa yalikwenda mbele zaidi hadi volti 24, ambazo bado yanazo.

Wakati huo dinamo, jina la jenereta ya zamani, ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Katika dinamo umeme mkubwa huzaliwa kwenye sehemu inayozunguka, na wote lazima utoke kupitia brashi za kaboni zinazosugua vipande vya shaba. Ikizungushwa kwa kasi sana, brashi huruka na kuungua. Ikizungushwa polepole, haitoi kitu. Gari lililokaa katika foleni usiku, taa zimewaka, injini ikinguruma chini, lilikuwa likila betri tu. Tena dinamo ilihitaji kisanduku cha swichi za sumaku: moja ya kuzuia volti zisipande, moja ya kuzuia mkondo usizidi, na moja, katauti, ya kuikata betri isije ikaigeuza dinamo kuwa mota injini ikizimwa.

Altaneta iligeuza mpango huo. Sumaku ndogo ndiyo inayozunguka, na umeme mkubwa huzaliwa katika waya za pembeni zisizosogea. Brashi hupitisha mkondo mdogo tu wa kuiamsha sumaku, juu ya pete laini zisizochakaa haraka, kwa hiyo mashine inaweza kuzungushwa kwa kasi kubwa na kuchaji hata injini ikiwa katika silensa. Kikwazo kilikuwa kimoja: umeme wake ni mkondo geu, na betri hupokea mkondo mnyoofu peke yake. Vigeuzi vya zamani vilikuwa vikubwa, na kwa sababu hiyo altaneta zilibaki katika magari ya polisi, ya jeshi na mabasi. Daiodi za silikoni, ndogo kama kifungo cha shati, ndizo zilizofungua njia. Chrysler iliifunga altaneta katika Valiant ya mwaka 1960, na wengine wakafuata. Daiodi, kwa kuwa hupitisha umeme upande mmoja tu, zilifanya pia kazi ya katauti bila gharama.

Kuna kitu kimoja kilichopotea. Chuma cha dinamo hubaki na sumaku kidogo hata kikilala, kwa hiyo gari la dinamo lenye betri dhaifu kabisa lingeweza kusukumwa, likawaka na kuanza kujichaji. Altaneta haina sumaku ya kutosha ya kujiamsha; bila umeme kidogo wa betri haianzi kuchaji. Ndiyo maana gari la altaneta ambalo betri yake imekufa kabisa linaweza kusukumwa na kijiji kizima lisiwake.

Injini za dizeli zilipita kando ya sehemu kubwa ya historia hii. Dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo, haina haja ya koili wala distribyuta. Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936, mojawapo ya magari madogo ya kwanza ya dizeli, ilitumia umeme kupasha plagi za joto na kuzungusha stata. Dizeli ya zamani ikishawaka, inaweza kuendelea kunguruma hata betri ikiondolewa, na hiyo ni sababu mojawapo ya wenye malori wa safari ndefu kuipenda. Uhuru huo uliisha pale sindano za mafuta zilipoanza kufunguliwa kwa umeme: mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ilitoka na mfumo wa mafuta ya mgandamizo mkuu ulioongozwa na kompyuta, na dizeli ya mfumo huo haiwaki bila umeme.

Katika petroli, kilichoua platini ni moshi. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 ililazimisha magari kupunguza sumu, na platini zilizolika zilikosesha cheche, petroli ikatoka bila kuungua. Transista haina sehemu inayogusana wala kulika. Hukata umeme kwa amri. Kufikia mwaka 1973 Chrysler ilikuwa imeziondoa platini katika magari yake yote ya Marekani, na katika miaka kumi iliyofuata karibu kila mtengenezaji alifanya hivyo. Kisha kazi ya kupanga cheche na kazi ya kupima petroli zikawekwa katika kompyuta moja, kama Bosch ilivyofanya kwa mfumo wa Motronic ndani ya BMW mwaka 1979. Kabureta ikaondoka, distribyuta ikaondoka, na kila plagi ikapata koili yake juu ya kichwa. Sensa na kompyuta zilipozidi, mafungu ya nyaya yakawa mazito mno. Mwaka 1986 Bosch ilitangaza njia ya CAN, ambapo kompyuta zote za gari hupashana habari kwa jozi moja ya waya, na kuanzia mwaka 1996 kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na soketi ya aina moja ya kusomea makosa. Msasa wa fundi ukapokewa na mashine ya uchunguzi.

Katika mabadiliko hayo yote, betri imebaki ileile kwa asili. Vyumba sita vya risasi na asidi, kila kimoja cha volti 2 na ushei, hufanya volti 12. Vifuniko vya kuongezea maji vimeondolewa katika nyingi, risasi imechanganywa na kalisi ili isipoteze maji, lakini Planté angeitambua. Risasi yake huyeyushwa na kutumika tena karibu yote, jambo jema ikifanywa kwa uangalifu. Isipofanywa kwa uangalifu ni sumu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi katika damu, watoto wakiwamo. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya iliurudisha uamuzi huo mwezi Desemba 2024. Betri iliyokufa haifai kupasuliwa uani wala kumwagwa asidi yake mtaroni. Irudishwe kwa muuzaji.

Magari ya umeme yaliyorejea katika karne hii, na yale ya mseto yaliyotanguliwa na Toyota Prius ya mwaka 1997, yameondoa au kupunguza baadhi ya vifaa hivi. Gari la umeme halina plagi za cheche, stata wala altaneta. Lakini taa, honi, kompyuta na swichi kubwa zinazoiunganisha betri kuu yenye volti mamia bado hutumia volti ndogo, na kwa miaka mingi karibu yote yamebeba betri ya pili ya volti 12, mara nyingi ya risasi. Betri hiyo ndogo ndiyo inayozifunga swichi za ile kubwa. Ikifa, gari haliondoki, hata betri kuu ikiwa imejaa. Kwa hiyo anayenunua gari la umeme au la mseto lililokwisha kutumika azipimishe betri zote mbili kabla ya kutoa fedha zake.